Albamu ya Ghalani

Mimi niliishia darasa la nne, lakini mashine ya kukoboa mpunga pale Busale ni yangu, na spika zinazotikisa harusi mpaka Kasumulu ni zangu pia. Sasa binti yangu akaja na gitaa, na sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kwenye harusi ya kwanza aliyoimba, watu waliendelea kula wali wao.

Nikamwambia, "Nitakupeleka studio Mbeya." Akakataa. Albamu yake ya kwanza akairekodi kwa simu ghalani kwangu, katikati ya magunia, eti magunia yanameza mwangwi. Ukiisikiliza albamu hiyo, unasikia mvua kwenye bati, hata sauti ya mama yake akifukuza kuku.

Siku ya kuizindua, uani kwetu, nikafungulia spika mpaka mwisho. Zikapiga miluzi tu.

"Baba, zima, la sivyo siimbi."

Mbele ya wageni wangu! Nikazima, huku nalalamika. Watu wakaburuta viti kumsogelea. Wapishi wakaacha masufuria.

Jirani akanigeukia. "Mzee, hebu nyamaza, hatumsikii mtoto."

Kunyamazishwa mimi, uani kwangu, kwa ajili ya mnong'ono! Nikanyamaza mpaka wimbo wa mwisho. Sikupenda hata mmoja.