Lisbeti na Mzee wa Asali

Enzi zetu kitabu cha hadithi kilikuwa kimoja, na kilitosha mlima mzima. Wenzangu mliobaki, nyie mliokalia magogo pamoja nami pale shule ya misheni juu ya mji, wakati Mjerumani bado anawabebesha baba zetu mawe ya boma lake, mnakikumbuka: jalada la kijani, kona zimeliwa na panya, na ndani yake msichana aitwaye Lisbeti. Wajukuu zangu hapa mtaani Levolosi wana vitabu mpaka chini ya kitanda. Wanasoma habari za vijana waliofukuzwa kwao, waliolala njaa, wanalia mpaka shuka linalowa, halafu ukiwatuma maji wanasema wamechoka. Wamechoka na nini? Na kulia!

Sisi tulisoma Jumamosi tu. Kwanza tulifagia, tukaikandika sakafu kwa samadi ya ng'ombe. Mpaka leo nikiisikia harufu ile natamani kusimama nijibu hesabu. Ndipo Mwalimu Elia alipotoa kitabu. Alikuwa kijana wa Kichaga, mpole, mwembamba, na hakuna kitu alichokiogopa duniani kama ng'ombe, maskini, na sisi ndio tukaletewa yeye. Kitabu kilikuwa cha Kijerumani. Alisoma mstari kimoyomoyo, midomo ikimcheza, kisha akatutolea kwa Kiswahili, nasi Kiswahili chenyewe tulikuwa tunakiokota njiani kama kuni. Kwa hiyo jioni hadithi ilipofika nyumbani ilikuwa imevuka mito miwili, na nani angejua imeangusha nini au imebeba nini.

Aliyeivusha mto wa pili, kwenda Kimaasai chetu sisi Waarusha, alikuwa rafiki yangu Nasieku. Mtoto yule alikuwa na mdomo! Wazazi wake walikufa akiwa mdogo, akalelewa na baba yake mdogo, na mke wa baba mdogo alimlea kama unavyolea punda: mzigo wa kuni asubuhi, mzigo wa maji mchana, na chakula mkikumbuka. Jioni alitoroka akaja kwetu, wanawake wakiwa wanapukuchua mahindi uani kwa Koko, yaani bibi yangu, na hapo akawasimulia Lisbeti.

Lisbeti alikuwa na miaka kumi na minne, yatima, amewekwa kwa shangazi mchoyo, anachunga mabata bukini kwenye nchi inayonyesha kitu cheupe kama unga. Hapo tu wanawake walianza ubishi.

"Ngoja," Koko alisema. "Unga unaanguka wenyewe kutoka juu, halafu mtoto ana njaa? Shangazi huyo ni mchawi."

"Na anachunga ndege?" akauliza mwingine.

"Ndege, mama."

"Kumbe hawana ng'ombe! Ndiyo maana wamekuja kuchukua wa kwetu."

Tulicheka mpaka mahindi yakamwagika. Lakini Lisbeti walimpenda kweli. Koko alitaka kujua ukoo wake, akaambiwa kitabu hakikusema, akakasirika na kitabu. Mjomba wa mtoto yuko wapi? Hakuna mtoto asiye na mjomba! Kuna mama mmoja alileta kibuyu cha maziwa, kimefukizwa vizuri kwa moshi wa mzeituni, tumpe Mwalimu Elia ampelekee. Mwalimu alijaribu kueleza kwamba Lisbeti ni wa kwenye karatasi, Kimaasai kikamshinda, akashukuru akanywa. Mama yule akarudi akitangaza kuwa mtoto amepata nguvu.

Sasa, mimi nilikuwa najua jambo ambalo wengine hawakulijua. Nasieku alinishika mkono siku moja kisimani akaniapisha. Kuna mzee alikuwa akija kwao kwa kificho, kutoka mbali upande wa Monduli, na vibuyu vya asali, na kwetu asali haiji nyumbani kwa bure, inakuja kuomba mchumba. Mchumba ni yeye. Na mzee huyo alikuwa rika moja na marehemu baba yake. Vijana wa leo mtasema, sasa rika ndiyo nini? Ndiyo tabu ya kuwasimulia nyinyi, kila kitu kiandikiwe maelezo! Wanaume waliotahiriwa pamoja ni rika moja, na binti wa mmoja wao ni binti wa wote. Kumwoa ni kumwoa mwanao. Baba mdogo alilijua hilo, ndiyo maana ilikuwa kificho, na mkewe alishamwambia Nasieku kuwa akifungua mdomo atachapwa mpaka asahau jina lake. Angechukuliwa mahindi yakishaingia ghalani. Nilihesabu mahindi yaliyobaki shambani kwao kila nilipopita, nami nilikuwa nimeapa.

Mtu aliyekatazwa kusema ya kwake afanye nini? Jioni moja nikasikia Nasieku anasema, kwa sauti ileile ya hadithi, kwamba kwa shangazi yake Lisbeti amekuja mzee mwenye asali.

Nikaacha kupukuchua. Mwalimu Elia hakusoma mzee yeyote! Yeye alisoma bata aliyepotea.

"Mzee gani?" Koko akauliza.

"Mzee wa ugoro. Akivuta anapiga chafya kama beberu. Anamtaka Lisbeti."

"Lisbeti wetu?"

"Ndiyo, Koko. Na ni rika moja na baba yake."

Jamani! Hamjaona wanawake wakisimama kwa pamoja. Magunzi yaliruka, mbuzi wakakimbia. Kesho yake asubuhi, njia nzima ilijaa akina mama wa Kiarusha, nyasi mbichi zimefungwa shingoni, fimbo mkononi, wanaimba ule wimbo ambao mwanaume akiusikia anaanza kukumbuka dhambi zake zote. Ndiyo desturi: mwanaume akivuruga mambo ya ndoa na uzazi, wanawake wanamwendea nyumbani kwake kwa umoja wao, na dume lake zuri la ng'ombe linachinjwa. Tatizo ni kwamba nyumbani kwa mzee wa Lisbeti hawakukujua. Kwa hiyo walikwenda kwenye kitabu.

Mwalimu Elia alikuwa ananyoa ndevu. Alipotoka, povu shavuni, akakuta uwanja wa shule umejaa, kidogo arudi Uchagani kwa miguu.

"Mtoe!" Koko alisema.

"Nimtoe nani, mama?"

"Mzee wa asali! Anakaa kwenye kitabu chako!"

Mimi na Nasieku ndio tuliokuwa tunatafsiri. Sasa uongo ungefumuka, na Nasieku angerudishwa kwa yule mama aliyemlea kama punda. Mwalimu alikileta kitabu, akakifungua mbele yao ukurasa mmoja baada ya mwingine, kidole kikipita kila mstari, jasho na povu vikimchuruzika. Bata alipatikana, alisema. Shangazi alitubu. Lisbeti alikwenda kuishi na kaka yake, wakala mkate. Kikafika mwisho, akakifunga.

"Hakuna mzee humu, mama. Naapa mbele za Mungu, hakuna."

 Wimbo ulikatika. Koko akakitazama kitabu, akamtazama mwalimu, kisha taratibu akageuka akamtazama Nasieku, miguu yake yenye nyufa, mabega yaliyochubuliwa na kamba ya kuni. Alikuwa amemwona uani kwake kila jioni. Nadhani ndiyo kwanza alimwona.

"Basi mzee yuko kwa nani?"

Nasieku alijibu chini chini. "Yuko kwetu, Koko. Amekuja jana na asali."

Koko hakumkaripia. Alimvua mwenzake nyasi za shingoni, akamvika Nasieku, wakageuza njia. Wimbo ulianza upya, na safari hii ulikuwa na mahali pa kwenda. Hata Mwalimu Elia alifuata, nusu ya uso imenyolewa.

Baba mdogo alisikia mlio kabla hatujafika mtoni. Alipotuona akasimama mlangoni kwa ushujaa wote wa mwanaume aliyekwisha kunywa pombe ya asali.

"Hakuna mgeni hapa! Nani kawadanganya? Watoto wa shule hawa ni waongo, mimi nilisema!"

Wanawake wakanyamaza kumsikiliza, wakataka hata kusitasita. Ndipo kwenye banda la ndama ikasikika chafya. Kama beberu, kweli tupu! Halafu ya pili, halafu ya tatu, mzee wa watu amejificha na kopo lake la ugoro. Alitolewa na majani kichwani, ndama mmoja anamlamba sikio. Koko alimuuliza swali moja tu, rika lake ni lipi, na mzee akaanza kusema habari za mvua.

Siku ile dume la baba mdogo lililiwa mpaka kwato, na asali tukalamba sisi watoto mpaka matumbo yakauma. Nasieku hakulala kule tena. Koko alimtandikia ngozi pembeni yake, naye Nasieku akabaki shuleni, akasoma, akaolewa na aliyemtaka. Tulizeeka pamoja, na nilipomzika nililia kama mtoto.

Nawaza hayo kwa sababu juzi mjukuu wangu Neema alinisomea riwaya yake. Msichana wa miaka kumi na mitano, mama wa kambo anamfungia mlango, analala barazani na mbu. Neema analia, pua inamvuja. Nikauliza nyumba yenyewe iko wapi.

"Jamani Bibi! Ni hadithi tu, mtu kaitunga."

"Na mmefundishwa nini humo?"

"Mwalimu alisema funzo ni uvumilivu."

Uvumilivu! Enzi zetu hatukujua kuwa kitabu ni cha kulilia halafu unakifunga. Tulikuwa washamba kweli, tulipeleka maziwa kwa karatasi. Nikamuuliza mjukuu wangu, huku akijifuta, kama katika mtaa mzima huu, na shule yote ile ya ghorofa, hakuna mtoto kama huyo.

Alitaka kucheka, kisha akaacha.

"Yupo," alisema. "Anakaa dawati la nyuma yangu. Huwa anasinzia."

Nikamwambia avae viatu.