Gauni la Malkia

Mwalimu wetu alitunga mchezo kuhusu malkia wa zamani, nami nikachaguliwa kuwa malkia. Mama alinunua kitambaa cha marekani nyeupe pale sokoni Kabati, akaanza kunishonea gauni kwa mkono, refu hadi chini, kama nilivyomweleza. Ilibaki mikono tu alipouliza, "Na huyo malkia wako anaishia wapi?"

"Anakufa," nikasema. "Anazikwa na hilo gauni."

Mama akaichomeka sindano begani mwa gauni. "Mimi simshonei mtoto wangu nguo ya kuzikwa."

Nililia, nikamwambia ni mshamba. Mwalimu alimpa mwenzangu nafasi yangu, na wiki nzima sikumsemesha mama. Gauni alilikunja, akalitia sandukuni.

Miaka sita baadaye mama alifariki. Akina mama wa kanisa waliomwosha waliniuliza kama kuna nguo nyeupe ya kumvalisha. Nikafungua sanduku. Sindano ilikuwa palepale begani, imeshika kutu.

Nilitafuta nyingine, nikashona mikono upesiupesi, vibaya. Gauni lilikuwa la kipimo changu cha miaka kumi na minne, lakini ugonjwa ulikuwa umemkondesha mama sana. Lilimtosha.