Ndege Imeondoka kwa Wakati

Nisikilizeni, na asiniambie mtu nipunguze hasira. Dada yangu mkubwa huu ni mwaka wa kumi na mbili anasimama kwenye mlango wa kupandia ndege. Anasimama kweli, maana viti waliviondoa. Ati mfanyakazi aliyekaa anaonekana mvivu! Akirudi nyumbani miguu imevimba, viatu tunamvua kwa nguvu.

Mwaka huu mabosi wakaja na jipya. Ndege ikichelewa kuondoka hata dakika moja, aliyekuwa mlangoni anaandikiwa barua ya onyo. Mvua ikinyesha, barua. Rubani akichelewa, barua. Barua tatu, kazi huna. Dada alikuwa nazo mbili, na watoto watatu anaowalea peke yake, baba yao alishatangulia mbele ya haki. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sasa kuna mzee mmoja, fundi saa mstaafu, anayesafiri kila mwezi kutibiwa macho, na miguu nayo haimbebi tena. Dada ndiye humpokea na kumtania, "Mchumba wangu, umekuja?" Mzee hucheka mpaka akakohoa.

Jumatatu ile mzee aliwahi uwanjani, masaa matatu kabla ya safari. Lakini wasukuma viti vya magurudumu walikuwa sita, kampuni imebakiza wawili. Akaachwa mlango mkuu, anasubiri tu. Alipoletwa, msukumaji anatweta, zilibaki hatua ishirini kumfikia dada, na muda wa kufunga umetimia. Zamani dada angemsubiri, huku akiwachekesha abiria wasinune. Safari hii akafunga.

"Mwanangu, ni mimi," mzee akasema, akidhani hajatambuliwa.

"Nimekuona, baba. Muda umekwisha."

Wiki hiyo hiyo bosi akabandika picha ya dada ukutani: mfanyakazi bora wa mwezi. Bora! Aliyepunguza wasukuma viti ndiye anayepiga makofi, hana hata haya! Halafu wanaitisha semina, wanauliza kwa nini abiria wanalalamika kwamba wahudumu hawana utu. Utu mmeuandikia barua za onyo, leo mnautafuta wapi?

Nilimwambia dada asijilaumu, kosa si lake. Akaendelea kujikanda miguu.

"Angenitukana ningelala," akasema mwishowe. "Aliniambia, 'Asante, mwanangu, usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yangu.'"