Mtani Wangu na Damu ya Chooni

Asubuhi ile niliondoka Handeni bila kujua naelekea wapi, kama nilivyoondoka sehemu nyingi tangu nilipoacha shule darasa la sita. Mfukoni nilibeba shati moja. Moyoni nilibeba damu niliyokuwa naiona chooni. Ilianza kabla ya mvua, na sasa mvua zilikuwa zimekwisha.

Baba yangu alianza hivyohivyo. Aliambiwa ni bawasiri, akapewa vidonge, akapewa tena. Siku tuliyomzika kijijini Magoma jeneza lilikuwa jepesi mno, wabebaji wakatazamana.

Nje kidogo ya mji kuna zahanati. Mlango ulikuwa wazi na foleni haikuwepo, nikaingia.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Kwenu wapi wewe?"

Nikamweleza kwamba babu yangu alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge. Uso wake ukachangamka. Yeye alikuwa Mzigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Wakikutana lazima wataniane, na anayenuna ndiye mkosaji.

"Kumbe mtani! Nilidhani mmeshakwisha. Unaumwa, au umekuja kuniibia benchi?"

"Natoka damu nikienda haja kubwa."

"Ulafi huo! Ukifa nitakuja msibani, nilalie jeneza mpaka wanipe jogoo."

"Jogoo utamtafuna na meno yapi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Huku anacheka, mkono wake ulikuwa tayari unafunga vidonge. "Bawasiri hiyo. Acha pilipili."

Nilifika kizingitini nikiwa bado natabasamu. Ndipo nikalikumbuka lile jeneza. Nikarudi.

"Mtani, leo naomba utani tuuweke nje. Baba yangu alikufa hivi, na mwishoni wakasema ni saratani ya utumbo mpana."

Aliinuka, akafunga mlango. Nikamuuliza yote niliyokuwa nayo: kama ugonjwa huo unarithiwa, kama unaweza kuonekana kabla mtu hajaugua, nani anaupima na kwa nini sijawahi kusikia.

"Saratani ya utumbo mpana?" Alikuna kichwa. "Chuoni tuligusiwa tu. Akina mama tunawahimiza wapimwe shingo ya kizazi. Huku nyuma, njia ya haja kubwa, hakuna anayeuliza, na sisi hatuulizi. Nikisikia damu nasema bawasiri. Mimi mwenyewe nimepita hamsini na sijapimwa."

"Kwa nini?"

"Anipime nani? Muuguzi wa hapa ni shemeji yangu."

"Basi nipime mimi."

Alilitazama boksi la glovu mezani.

"Kwa kidole? Nikishakupima hivyo, tukikutana gulioni nitakutania nini?" Kisha sauti ikamshuka. "Nenda hospitali Korogwe. Usitaje bawasiri, mtaje baba yako. Wakikupa vidonge bila kukugusa, usitoke."

Sikumkasirikia vya kutosha. Labda kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeiona ile glovu nikaogopa, na alipokataa nikafarijika. Jambo hilo lilinisumbua njia nzima, juu ya magunia ya mahindi kwenye lori. Aibu ya watu wawili wazima ilikuwa imetosha kuyaacha mambo yalivyokuwa.

Korogwe nilifika jioni. Mlinzi wa hospitali akasema wagonjwa wa nje ni kesho asubuhi. Stendi haikuwa mbali. Nilisikia basi la Arusha likipiga honi, na miguu yangu inaijua honi hiyo. Nikageuka upande mwingine, kwenye gesti yenye ukuta wa bluu.

"Unapumzika au unalala?" aliuliza mama wa mapokezi.

"Nalala."

"Kesho unatoka saa ngapi?"

Swali hilo sikuwahi kulikosa jibu mpaka jioni hiyo. "Sijui, mama. Nakaa mpaka wanipime."

"Wakupime nini?"

Nikamwambia, jina kamili la ugonjwa, kwa sauti ya kawaida. Mkono wake ukasimama juu ya funguo. Akaurudisha ufunguo aliokuwa ameutoa, akanipa mwingine.

"Chumba hiki kiko karibu na choo," alisema.