Siku Tuliyoririsi

Chumba chetu cha kompyuta kilikuwa stoo ya viazi kabla wazazi hawajachanga pesa za mashine, na Julai ya Nyeri ikifika kilikumbuka: baridi, giza, harufu ya udongo. Mwalimu wake, kijana wa Wamagana, alikuwa wa kandarasi. Mwalimu mkuu alishamwambia mbele yetu: "Ijumaa nakuja na kamati. Hizi mashine zisipoongea, hii room inarudi kuwa stoo, na wewe unarudi kwenu."

Ijumaa asubuhi, akipanga mtandao upya ili aongeze kompyuta za maktaba, mashine kuu, ile inayogawia zingine anwani za kuwasiliana, ikagoma kuwaka.

"Msiogope," akatuambia, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Anwani ni ya kukodi, kama shamba. Mwenye shamba amelala, lakini kodi yenu inaisha jioni. Kamati itawapata mkilima."

"Na mwenye shamba akikufa, mwalimu?" nikauliza.

"Wewe, nyamaza."

Darasa likacheka. Hata yeye, kidogo.

Mara gari likasikika nje. Akataka tuhakikishe kwamba bado tuna muda, yaani tuangalie "lease", ile kodi kwa Kiingereza. Lakini kwa ulimi wa kwetu, l ni r.

"Haraka! Kila mtu kwa risi yake! Risi!"

Tukatafuta risi kwenye skrini. Kilichokuwepo ni kitufe kimeandikwa Release, ambacho sisi sote tunakiita ririsi. Tukajua mwalimu amemeza herufi kwa wasiwasi. Tukabonyeza, darasa zima, kwa utiifu ambao hakuwahi kuuona kwetu.

"Nimeririsi, mwalimu!" nikapaza sauti.

Akaja. Mahali pa anwani palikuwa na sifuri tupu. Akaangalia ya jirani, na ya jirani yake.

"Ati mmefanya nini?"

Release ni kuachilia: tulikuwa tumerudisha mashamba, na mwenye kuyagawa tena amelala.

Kamati ikaingia. Mwalimu mkuu akaniambia nitume barua kwa kompyuta ya dirishani. Haikwenda. Mkuu hakugomba, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Asante, mwalimu," alisema tu.

Jumatatu magunia ya viazi yalirudi. Nilimkuta mwalimu getini na boksi lake la nyaya, nikiwa na mzaha tayari mdomoni. Akanitangulia.

"Kijana, hata mimi nimeririsiwa."

Nilicheka, maana ni yeye aliyesema. Kisha nikambebea boksi mpaka barabarani.