Breki ya Mkono ya Bwana Hockett

Bonde la Wenatchee, kule Marekani, likinyeshewa mwezi wa Juni, wanaolia si wafiwa, ni wenye mashamba ya cheri. Tone likituama kwenye kitovu cha tunda, tunda hunywa, huvimba, hupasuka, na jasho la mwaka mzima limekwenda na maji. Ndipo huitwa Marlys Tvedt na helikopta yake, aje kuning'inia juu ya miti na kuyapuliza maji. Kwa ufupi, ni pangaboi la kukodi. Zamani aliendesha basi la shule; aliacha, alisema, kwa sababu hewa ina adabu kuliko watoto. Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, yeye hupaa juu ya mto, akaizima nguvu ya injini, akajizoeza kuanguka. Kanisani wanamwombea.

Asubuhi hiyo Orrin Hockett, mwenye shamba, alipanda naye kumsimamia.

"Shuka, mama, shuka! Unakausha cheri au mawingu?"

"Nikishuka zaidi, bwana, nitakuchumia kabisa."

Walimaliza kipande cha chini, wakapaa kuelekea kile cha kilimani. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Papo hapo Marlys akaushusha wenzo ulio kati ya viti, na helikopta ikaporomoka. Hakuwa amerukwa na akili. Injini ikifa, mapanga huishi kwa upepo wa kuanguka: ukiyalaza kwa kuushusha wenzo, upepo unaotoka chini huyazungusha, na mzunguko huo ndio akiba yako. Hutumiwa mara moja tu, karibu na ardhi, kwa kuuinua wenzo. Ukiuinua mapema, mapanga huchoka, nawe umebaki ndani ya debe.

Hockett aliona kitu kimoja tu: breki ya mkono, kama ya lori lake. Akaikamata kwa mikono miwili, akavuta.

King'ora cha onyo kikalia. Mvumo wa mapanga ukafifia.

"Achia!"

"Nafunga breki!"

"Breki ya hewani, zuzu wewe?"

Marlys akamtwanga kiwiko cha pua. Mikono ikaachia, wenzo ukarudi chini, mvumo ukapanda polepole. Lakini kimo kilichopotea hakirudi. Barabara ya shambani aliyoilenga atue sasa ilikuwa mbali; mbele palibaki uwazi mmoja tu.

"Si hapo! Hiyo ni miche yangu mipya!"

"Chagua: miche, au mkeo awe mjane."

Hockett akaitazama miche. Yaonekana alikuwa akipima.

Vilele vya miti vikapita chini ya miguu yao. Marlys akasubiri. Ardhi ikaja mbio, akasubiri tena. Ndipo akainua pua ya helikopta, kasi ikafa, mapanga yakanguruma. Akaiweka sawa, akauvuta wenzo mpaka mwisho, akiba yote. Helikopta ikasita hewani kidogo, kisha ikajibwaga kwenye matope kama mtu mnene kitini.

Mapanga yakapita juu yao, fyuu, fyuu, yakasimama.

Hockett akafuta damu puani, akatazama kilimani, matone yakimeremeta kwenye matunda.

"Sasa, mama, kile kipande cha juu nani atakikausha?"

Marlys akashuka, akaenda kumfungulia mlango.

"Pumzi si bado unayo, bwana? Nenda kapulize."