Mama Kadi na majina elfu mbili ya Mbaha

Saa mbili asubuhi, Jumanne. Kwenye kibaraza cha zahanati moja katika Kata ya Mbaha, wilayani Mbinga, mizani inaning'inia kwenye boriti, na kwenye mizani ananing'inia mtoto wa wiki sita aliyefungwa kwa kanga. Analia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Kilo nne na nusu. Anakwenda vizuri," anasema Theodosia Kapinga, huku akimshusha na kumrudisha kwa mama yake. Anakaa mezani, anafungua kadi mpya, anachukua kalamu. "Jina?"

"Brayan," anajibu mama mtoto.

Kutoka kwenye benchi, mama mkwe anainua uso. "Brayan ndiyo nani? Mimi ninayemjua anaitwa Dunstan."

Benchi zima linaangua kicheko. Theodosia hacheki. Anaweka kalamu chini na kuwaonyesha kivuli cha mnazi ulio nyuma ya tangi la maji. "Nendeni mkaelewane pale. Kalamu yangu haina haraka."

Anaita mama wa pili, wa tatu. Baada ya nusu saa wawili wale wanarudi wakiwa wamepatana. Mtoto ni Brayan Dunstan. Theodosia anaandika kwenye kadi, kisha anavuta daftari la shule lenye jalada la bluu na kuandika tena, polepole, kwa herufi za kusimama.

Theodosia ana umri wa miaka hamsini na miwili. Ni mhudumu wa afya, na kazi yake kubwa ni kliniki ya mama na mtoto. Kwa mshahara wa shilingi elfu hamsini na tano kwa mwezi, anapima uzito, anajaza kadi, anafundisha akina mama kupika uji wa lishe, na wakati mwingine anafagia. Watu wazima wanamwita Mama Kadi. Watoto aliowaandika wanamwita Bibi.

Hakuzaliwa hapa ufukweni mwa ziwa. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa huko juu milimani, Umatengoni, na yeye aliletwa ziwani na barua ya kazi mwaka 1975. Alidhani angekaa mwaka mmoja. Akaolewa na Hamphrey, mvuvi wa Kinyasa, Mwanglikana, wakati yeye ni Mkatoliki.

"Jumapili tunaachana njia panda, kila mtu kanisani kwake," anasema. "Mchana tunakutana kwenye ugali. Hakuna aliyewahi kulala njaa kwa sababu ya dini."

Daftari la kwanza lilianza mwaka 1986, kwa shida. Kadi zilikwisha, na kila alipotuma kuulizia wilayani aliambiwa asubiri. Akina mama walikuja na watoto, naye hakuwa na mahali pa kuandika uzito. Akachukua daftari la mwanawe aliyekuwa darasa la tatu, akachana kurasa za hesabu, akaanza kuandika: tarehe, uzito, jina la mtoto, jina la mama.

Kadi zilipopatikana mwaka uliofuata, hakuacha. "Nilikuwa nimeshaonja," anasema. "Nikifungua nyuma naona majina yamekaa kwa makundi, kama watu wa ukoo mmoja. Nikaona niendelee, nijue yanakwenda wapi."

Leo ana madaftari kumi na matano, na ndani yake majina elfu mbili na mia moja na ushee. Kila Desemba anakaa na kuhesabu lipi limeongoza.

Mwaka wa kwanza waliongoza watakatifu. Mtoto alipozaliwa, baba alikwenda kwa katekista, kalenda ikafunguliwa, na jina la siku hiyo likawa lake. Ndiyo maana kulikuwa na akina Othmar sita na akina Benadetha tisa, na kwa Waanglikana akina Dunstan na akina Hilda. Katikati yao, mtoto mmoja wa kiume aliitwa Ruksa. Baba yake alikuwa amefungua duka siku hiyohiyo, serikali ilipokuwa imeruhusu watu kufanya biashara.

Mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, alimwandika Mageuzi. Mwaka 1994, baada ya Kombe la Dunia, akina Romario walikuwa watatu, ingawa televisheni ya karibu ilikuwa Mbamba Bay na iliwashwa kwa jenereta. Huko Umatengoni bei ya kahawa ilikuwa imepanda, na akina mama wa kule walioolewa ufukweni wakienda kujifungulia kwao walishuka na akina Neema na akina Baraka.

Kisha mitumba ikafika. Anapofikia hapo Theodosia anaweka miwani mezani, kwa sababu anajua atacheka.

Mwaka 1995 mama mmoja, Gertrude, alikuja na mtoto wa kiume na fulana nzuri ya mtumba. Alipoulizwa jina, aligeuza kola ya fulana na kuonyesha maandishi. "Liandike kama lilivyo hapa, Mama Kadi. Nimelipenda."

Theodosia alisoma herufi moja moja: Midiamu. Hakuwahi kulisikia kwa mtakatifu wala kwa mchezaji. Akamwomba Gertrude asubiri, akavuka uwanja hadi shuleni kwa Mwalimu Bernadi.

"Mama, hiyo ni saizi," mwalimu alimwambia. "Maana yake si mkubwa wala si mdogo. Wa kati."

Gertrude alipoelezwa, alimtazama mwanawe. "Sasa kuna ubaya gani? Kaka yake ni mkubwa, na mimi bado nitazaa. Huyu si wa kati?"

Theodosia akaandika Midiamu. Kanisani mtoto alibatizwa Fabiano, lakini kijiji kizima kinamwita Midi, na mwaka huu ameanza darasa la kwanza.

Si kila jina lililoleta kicheko. Katika daftari la mwaka 1987 kuna ukurasa ambao Theodosia aliukwepa kwa miaka kumi na minne. Aliuogopa.

Mwaka huo mama kijana aliyeitwa Avelina alikuja kupimwa akiwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa mcheshi, muuzaji wa usipa, wale dagaa wa ziwani. Alipomaliza kupimwa aliegemea meza na kusema, "Akiwa wa kike ataitwa Flavia. Andika kabisa, nisije nikasahau kwa uchungu."

Theodosia alimtania kwamba bado mapema, lakini akaandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa wa daftari lake: Mama anasema Flavia.

Avelina alijifungulia nyumbani. Damu ilitoka nyingi. Wakati mtumbwi wa kumpeleka hospitali unatafutiwa wapiga kasia, alikata roho. Mtoto wa kike alipona.

Wiki tatu baadaye mumewe, Raimundi Nombo, alikuja kliniki. Dada yake ndiye aliyembeba mtoto. Raimundi alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Jina?" Theodosia aliuliza.

"Andika Mateso."

"Nilitaka kumwambia," anasimulia sasa. "Nikashindwa. Mtu amemzika mke wake juzi, macho yake mekundu, halafu mimi nimbishie jina? Nikaandika Mateso. Nikajiambia nitamwambia akipoa. Mwaka ukapita, mingine ikafuata. Kila nilipokutana naye sokoni nilimwamkia nikapita haraka."

Raimundi hakuoa tena, na kanisani hakukanyaga. Mtoto hakubatizwa. Alikua akiitwa Mateso nyumbani, kisimani na shuleni.

Mwezi Februari mwaka huu, 2001, msichana huyo alikuja zahanati akiwa amevaa sare za shule. Hakuwa mgonjwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alisimama akivuta ncha ya mkoba wake. Mwalimu alikuwa amewaambia watoto wa darasa la saba kwamba mwezi Machi wanajaza fomu za mtihani, na jina litakalojazwa ndilo litakaloandikwa kwenye cheti maisha yote. Wenzake walikuwa wameanza kufanya mzaha: Mateso akifaulu, shule nzima itateseka.

"Bibi, wanasema wewe ndiye uliyeniandika. Kwa nini niliitwa hivi? Baba nikimuuliza, anatoka nje."

Theodosia alivuta kiti akakaa. Jibu lilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka pale, lakini aliona si haki binti alisikie kabla ya baba yake.

"Nipe siku mbili," alimwambia. "Nitakujibu. Naapa."

Jioni ileile alifunga daftari la mwaka 1987 kwenye kanga akashuka ufukweni. Raimundi alikuwa anakusanya usipa kwenye vichanja. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha Theodosia akasema moja kwa moja, kwa kuwa alijua akizunguka atarudi nalo.

"Baba Mateso, kuna neno la marehemu nilikalia. Alikuwa amemchagulia mtoto jina. Mimi nililiandika, sikukwambia."

Alimfunulia ukurasa. Raimundi aliinama, akasoma, akasoma tena. Penseli ilikuwa imefifia lakini ilisomeka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa. Nilikuonea huruma, na nilikuogopa."

Raimundi alipitisha kidole juu ya maandishi. Halafu akauliza jambo ambalo Theodosia hakulitarajia. "Alipokuwa anasema, alikuwa vipi? Alikuwa na hofu?"

"Alikuwa anacheka. Aliegemea meza yangu hivi, anacheka."

Raimundi alikaa mchangani. "Flavia ni bibi yake, aliyemlea kule Chiwanda," alisema. "Alimpenda kuliko mama mzazi. Mimi nilidhani amekufa bila kusema chochote kuhusu mtoto. Nikampa jina la siku yangu ile. Siku ikaisha, jina likabaki, sikujua nilitoeje."

Akamwita binti yake, aliyekuwa jikoni nyumbani kwao, hapohapo ufukweni. Theodosia alitaka kuondoka, Raimundi akamzuia.

"Mwanangu," alimwambia, "mama yako alikuachia kitu. Kimechelewa kufika, na kosa si lako." Akampa daftari asome mwenyewe.

Msichana alisoma. Akauliza kama ni mwandiko wa mama. Theodosia akasema hapana, ni mwandiko wake, lakini maneno ni ya mama. Binti akarudisha daftari kwa mikono miwili, akamgeukia baba yake.

"Niite basi, nisikie."

Raimundi alifungua mdomo, na kwa mazoea ya miaka kumi na minne likatoka Mateso. Akajishika kinywa. Binti akaanza kucheka, baba naye akacheka huku machozi yanamtoka, na Theodosia akajikuta analia pamoja nao mbele ya vichanja vya usipa. Mara ya pili Raimundi alilitamka jina sawasawa.

Yaliyobaki yalikuwa safari za ofisini. Mtendaji wa kijiji aliandika barua. Mwalimu Mkuu alikagua daftari, akatikisa kichwa kwa mshangao, akajaza fomu: Flavia Raimundi Nombo. Siku ya Pasaka Raimundi alivaa shati jeupe, akaingia kanisani kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na binti yake akabatizwa. Septemba atakaa kwenye mtihani.

"Wenzangu bado wanakosea," anasema Flavia, aliyepita zahanati kumsaidia shangazi yake kubeba mtoto. "Siwakasirikii. Hata mimi mwenyewe mwalimu akiita Flavia, nachelewa kuitika."

Tangu jioni ile ya ufukweni Theodosia amerudia kuhesabu jambo moja katika madaftari yake yote. Mwaka 1987 watoto kumi na wanne waliitwa Shida, Tabu, Mateso au Masumbuko. Mwaka jana walikuwa wawili tu. Mahali pao wamekuja akina Hapines, akina Gifti na akina Prosper, pamoja na akina Brayan, ambao anakiri hajui wametokea wapi.

Kuna wazee wanaolalamika kwamba majina ya siku hizi hayana maana. Yeye hawaungi mkono. "Mama anayempa mtoto jina la Gifti, hata kama herufi zimepinda, amefurahi siku ile. Mimi nilikuwepo wakati ilikuwa vigumu kufurahi. Wacha yapinde."

Saa saba mchana benchi limebaki tupu. Anafungua mizani, anaifuta kwa kitambaa, anaifungia kabatini. Kisha anatoa barua iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa sare yake.

Imetoka Songea, kwa binti yake wa mwisho, Ida, mwenye mimba ya kwanza. Theodosia amezaa wanne. Wa kwanza alipewa jina na mama mkwe, wa pili na padri, wa tatu na baba mzazi wa Theodosia, na Ida alipewa jina na Hamphrey kabla mama hajaamka vizuri baada ya kujifungua. Ida ameandika kwamba yeye na mume wake, Methodi, wamekubaliana: mtoto huyu atapewa jina na bibi yake, na hakuna mwingine atakayeulizwa.

Theodosia ameomba likizo ya mwezi Agosti, mtoto anapotarajiwa, na amekubaliwa. Atapanda gari hadi Mbinga, alale kwa kaka yake, kisha aendelee Songea. Kwa wiki tatu sasa amekuwa akitafuta jina akiosha vyombo, akipalilia muhogo, akiwa kanisani wakati wa mahubiri.

Ameshapata? Anakunja barua na kuirudisha mfukoni.

"Ninayo matano. Lakini kwanza nimpakate," anasema. "Nataka nimtazame usoni, tuzungumze mimi na yeye, asubuhi moja nzima. Baadaye ndiyo nitatoka nje niwaambie anaitwa nani."